Nafuu si Tiba: Historia ya Pua Iliyoziba

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wenye madaraka na wenye biashara ya dawa hupenda kuyachanganya. Kuna kupata nafuu, na kuna kupona. Aliyepata nafuu bado anaumwa, ila mzigo umempungukia. Aliyepona ameachana na ugonjwa wenyewe. Bibi anayemwandalia mjukuu wake maji ya moto yenye majani hadai kwamba anayafukuza mafua. Humwambia tu, "Jifukize, utapata nafuu." Kauli hiyo fupi ina uaminifu kuliko maandishi ya maboksi mengi ya dawa.

Makala haya yanaifuata tofauti hiyo katika historia ya jambo dogo: jinsi binadamu alivyohangaika kuizibua pua iliyobanwa na mafua. Nimelichagua jambo dogo kwa makusudi. Katika magonjwa yanayoua, hofu huitangulia hoja, na anayeuliza swali huonekana msaliti au mkorofi. Mafua ya kawaida hayana hofu hiyo. Kwa kawaida mgonjwa atapona baada ya siku saba hadi kumi, awe ametumia dawa au hakutumia. Kwa sababu hiyo mafua hutuonyesha waziwazi nani huipa dawa heshima yake, kwa ushahidi gani, na nani hulipa gharama pale ushahidi usipokuwapo.

Kinachoziba pua

Wengi hudhani kwamba pua huzibwa na kamasi. Kamasi ina sehemu yake, lakini kizuizi kikubwa ni uvimbe. Ukuta wa ndani ya pua umefunikwa na utando telezi uliojaa mishipa ya damu. Virusi vya mafua vinapoushambulia utando huo, mwili hujibu kwa kuijaza mishipa damu. Utando huvimba na njia ya hewa husinyaa. Ndiyo maana mtu hupenga kwa nguvu hadi masikio yakauma, na bado hapati hewa.

Hata pua ya mtu mwenye afya haipitishi hewa sawasawa kwa pande zote mbili. Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Richard Kayser, alieleza kwamba matundu ya pua hupokezana zamu: moja hufunguka zaidi huku jingine likipumzika, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana. Tukiwa wazima hatulitambui jambo hilo. Tukipata mafua hulitambua usiku kucha, tundu hili likiziba na lile likifunguka.

Kutokana na maumbile hayo, dawa yoyote inayoahidi kuizibua pua inaweza kufanya moja kati ya mambo matatu. Inaweza kuigusa hisia, ili mgonjwa ajisikie anapumua vizuri hata kama njia haijapanuka. Inaweza kuisinyaza mishipa iliyovimba. Au inaweza kuiosha njia na kuiondolea kamasi nzito. Historia ya pua iliyoziba ni historia ya njia hizo tatu, na ya watu waliojinufaisha kwa kuzichanganya.

Mvuke na zeri: dawa za hisia

Kujifukiza ni desturi ya kale katika sehemu nyingi za dunia, na kwetu ina majina mengi. Wengine huiita nyungu, neno ambalo katika baadhi ya lugha zetu za Kibantu maana yake ni chungu, kwa kuwa chungu ndicho kilichobeba maji na majani. Mgonjwa huinama, hujifunika shuka au blanketi, huvuta mvuke hadi jasho limtoke. Majani hutofautiana kwa mahali: mchaichai, mwarobaini, mpera, mlimau, na siku hizi karibu kila mahali mkaratusi.

Tutue kidogo kwenye mkaratusi. Mti huu ambao leo huhesabiwa miongoni mwa dawa zetu za asili si wa kwetu kwa uzao. Asili yake ni Australia. Ulienezwa Afrika Mashariki katika zama za ukoloni, ukipandwa kwa ajili ya kuni, nguzo na mbao. Wananchi waliuona, wakainusa harufu ya majani yake, wakauingiza katika chungu. Simaanishi kwamba desturi hiyo haina thamani kwa sababu mti ni mgeni. Ninachosema ni kwamba tiba ya asili nayo ina historia. Hupokea, hujaribu na hubadilika. Anayeieleza kama urithi uliokamilika tangu enzi za mababu, usioruhusiwa kuulizwa, huwanyima mababu hao sifa ya udadisi waliyokuwa nayo.

Wakati mkaratusi ukienea huku, mfamasia mmoja wa Greensboro, North Carolina, aitwaye Lunsford Richardson, alikuwa akichanganya mentholi na mafuta mengine yenye harufu kali ndani ya mafuta mazito ya kupaka. Hiyo ilikuwa katika miaka ya 1890. Zeri yake ilikuja kujulikana kwa jina la Vicks VapoRub. Mentholi iliyoitumia zama hizo ilitoka hasa Japani, ambako ilikamuliwa kutoka kwenye jamii ya mnanaa. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ilipozuka, ikiua mamilioni duniani na kuingia hadi ndani ya bara letu, mauzo ya zeri hiyo yalipanda kutoka takriban dola 900,000 hadi dola milioni 2.9 katika mwaka mmoja. Zeri haikuwa na uwezo wowote dhidi ya ugonjwa ule. Ilikuwa na harufu, ubaridi, na mkono wa mama uliokuwa ukiipaka kifuani.

Je, wanunuzi wale walidanganywa? Jibu lilikuja miongo mingi baadaye. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, kilianzisha kituo cha kuchunguza mafua chini ya Profesa Ronald Eccles. Katika majaribio yake, watu wenye pua zilizoziba walipewa mentholi, kisha vifaa vikapima kiasi cha ukinzani wa hewa puani. Vifaa havikuonyesha kwamba njia imepanuka. Lakini watu wenyewe walisema wanapumua vizuri zaidi. Mentholi huziamsha neva zinazohisi baridi ndani ya pua, na ubongo huutafsiri ubaridi huo kuwa ni hewa nyingi inayopita.

Kwa hiyo nafuu ile ni ya kweli, ingawa mfunguko si wa kweli. Sioni aibu yoyote katika jambo hilo. Mgonjwa aliyekosa usingizi siku mbili anahitaji nafuu, na vile vikopo vidogo vyekundu vya zeri ya Kichina vinavyouzwa kwenye kila genge vinampa anachokihitaji kwa bei anayoiweza. Kosa huanza pale nafuu inapopewa jina lisilo lake.

Kutoka mmea wa Kichina hadi kidonge tupu

Njia ya pili, ya kuisinyaza mishipa, ina historia ndefu na yenye mafunzo zaidi. Kwa karne nyingi waganga wa China walitumia mmea uitwao ma huang kutibu kikohozi na pumu. Mwaka 1885 mwanakemia Mjapani, Nagai Nagayoshi, alikitenga kiini chake, nacho kikaitwa efedrini. Mwaka 1924 watafiti wawili waliokuwa Beijing, Ko Kuei Chen na Carl Schmidt, walichapisha matokeo yaliyoonyesha jinsi kiini hicho kinavyofanya kazi mwilini, ikiwamo kuisinyaza mishipa ya damu. Dawa ya asili ikaingia katika maduka ya dawa ya dunia nzima. Hapakuwa na amri ya mtawala wala kaulimbiu ya uzalendo. Mmea ule ulipita kwa kupimwa, na matokeo yakawekwa mbele ya kila mtu aliyetaka kuyahakiki.

Mafanikio hayo yalizaa tamaa ya kutengeneza dawa nyingine za aina hiyo kwa bei nafuu. Mwaka 1929 Gordon Alles, Mmarekani, alianza kuichunguza amfetamini. Mapema katika miaka ya 1930 kampuni ya Smith, Kline & French iliingiza sokoni kibomba kidogo cha kunusa kilichoitwa Benzedrine, chenye amfetamini ndani yake, kwa ajili ya pua zilizoziba. Kiliuzwa bila cheti cha daktari. Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba ukikivunja kibomba na kukimeza kilichomo utakesha ukiwa umechangamka isivyo kawaida. Serikali ya Marekani ilikuja kukiwekea sharti la cheti mwaka 1959. Ndivyo mlango wa pua ulivyopitisha mojawapo ya dawa za kulevya zilizoisumbua karne ya 20.

Sheria nazo zilikuwa zikikua, na kila sheria ilikua juu ya makaburi. Mwaka 1937 dawa ya maji iliyochanganywa na kimiminika cha viwandani chenye sumu, dayethilini glaikoli, iliua zaidi ya watu 100 nchini Marekani, wakiwamo watoto. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kumtaka mtengenezaji athibitishe kwamba dawa yake ni salama. Mwaka 1962, baada ya maafa ya thalidomidi yaliyowaacha maelfu ya watoto, hasa wa Ulaya, na ulemavu, sharti jingine liliongezwa: dawa lazima ithibitike kwamba inafanya kazi. Ili kuzikagua dawa za zamani zilizokuwa zikiuzwa bila cheti, majopo ya wataalamu yaliundwa kuanzia mwaka 1972. Mwaka 1976 jopo la dawa za mafua lilitoa taarifa yake. Miongoni mwa dawa za kumeza lilizozikubali kwa ajili ya kuzibua pua zilikuwamo tatu: sudoefedrini, fenilpropanolamini na fenilefrini.

Ushahidi wa fenilefrini ya kumeza ulikuwa mwembamba. Majaribio yalikuwa madogo, mengine yalitoka kwa viwanda vyenyewe na hayakuwa yamechapishwa, na matokeo yake yalipingana. Hata hivyo dawa ilipita. Kwa muda mrefu halikuwa jambo kubwa, kwa sababu watu wengi walitumia zile nyingine mbili. Kisha mwaka 2000 fenilpropanolamini iliondolewa sokoni Marekani baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kuihusisha na kuvuja damu katika ubongo. Sudoefedrini nayo, ambayo kwa hakika hufanya kazi, ilikuwa ikinunuliwa na wapishi wa methamfetamini. Sheria iliyopitishwa na kuanza kutumika mwaka 2006 iliamuru sudoefedrini iwekwe nyuma ya kaunta, na mnunuzi aonyeshe kitambulisho na kutia saini kwenye daftari.

Viwanda havikutaka bidhaa zao zifichwe nyuma ya kaunta. Vingi viliitoa sudoefedrini katika vidonge vyao vya mafua na kuweka fenilefrini mahali pake. Jina la dawa lilibaki lilelile au karibu lilelile. Bei haikushuka. Kilichobadilika ni kwamba kidonge hakikuwa tena na uwezo wa kuizibua pua. Fenilefrini inayomezwa huvunjwavunjwa na utumbo na ini kabla ya kufika puani. Sehemu inayoingia katika damu ikiwa bado na nguvu haifiki hata asilimia 1. Ikipulizwa moja kwa moja puani hufanya kazi. Ikimezwa haifanyi.

Wafamasia wawili wa Chuo Kikuu cha Florida, Leslie Hendeles na Randy Hatton, walilisema jambo hilo hadharani tangu wakati huo na kuiandikia rasmi Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Mwaka 2007 kamati ya washauri ilikutana na kuomba utafiti zaidi. Utafiti ukafanyika, na dawa ikashindwa kuzidi kidonge kisicho na dawa. Septemba 2023 jopo jipya lilipiga kura 16 kwa 0 kwamba fenilefrini ya kumeza haifanyi kazi kwa kipimo kinachouzwa. Novemba 2024 Mamlaka ilipendekeza rasmi iondolewe katika orodha. Mwaka mmoja tu kabla ya kura ile, yaani 2022, Wamarekani walikuwa wamenunua takriban maboksi na chupa milioni 242 za dawa zenye fenilefrini, zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.8.

Tuitafakari miaka hiyo 47, kuanzia 1976 hadi 2023. Hatuhitaji kudhani kwamba kulikuwa na njama. Polisi walitaka kuidhibiti methamfetamini, nao walikuwa na haki. Viwanda vilitaka bidhaa zionekane rafuni. Maduka yalitaka wateja wasisumbuliwe. Kila mmoja alifanya uamuzi wenye mantiki kwa upande wake, na mgonjwa, ambaye ndiye aliyelipa, hakuwa na kiti katika kikao chochote. Kidonge kiliendelea kuuzwa kwa kuwa kilikuwa salama kiasi cha kutosha na hakikumkera yeyote mwenye nguvu. Nafuu ambayo wengi waliisimulia ilitokana na dawa za maumivu zilizochanganywa humo, na na siku zenyewe zilivyokuwa zikipita.

Gharama inapotufikia sisi

Nchi tajiri inaweza kumudu kosa la aina hiyo. Hasara yake ni fedha. Udhibiti dhaifu ukihamia kwa maskini, hasara huwa uhai. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizotengenezwa India na kupatikana Gambia. Ndani yake mlikuwa na dayethilini glaikoli na sumu nyingine ya jamii hiyo, ileile iliyoua Marekani mwaka 1937. Watoto wasiopungua 66 walikufa kwa kuharibika figo. Gambia haikuwa na maabara yake ya kupima dawa. Kufikia Januari 2023 Shirika hilo lilikuwa likizungumzia vifo vya watoto zaidi ya 300 kutokana na dawa za maji zenye sumu za namna hiyo katika nchi tatu: Gambia, Indonesia na Uzbekistan.

Watoto wale wengi walikuwa na magonjwa ya kawaida ya utotoni. Wazazi wao walifanya tulilowahimiza wafanye: walitoka nyumbani, wakaenda dukani, wakanunua dawa yenye lebo. Mtumishi wa umma anayeiona kazi ya maabara ya dawa kuwa kasma ya kupunguzwa bajeti inapobana, akumbuke kwamba umbali kati ya mwaka 1937 na mwaka 2022 haukuwa wa elimu. Elimu ilikuwapo kwa miaka 85. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kabla chupa haijafunguliwa.

Mvuke jukwaani

Kabla hatujawacheka Wamarekani kwa kidonge chao, turudi nyumbani. Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, Rais John Magufuli aliwahimiza wananchi wajifukize. Nyungu ikatoka jikoni ikapanda jukwaani. Ikaimbwa, ikapigwa picha, ikawa kipimo cha uzalendo. Hoja iliyoenea ilikuwa kwamba joto la mvuke linaviua virusi. Mwishoni mwa mwezi huohuo takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa, na hazikurejea hadi mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Mjadala wa wakati ule uligawanyika katika kambi mbili, na naona zote zilikosea swali. Kambi moja iliidhihaki nyungu kana kwamba ni ushirikina. Nyingine iliitetea kana kwamba anayeihoji ameitukana Afrika. Ukweli ni kwamba mvuke ulikuwa umeshapimwa, tena na Wazungu wenyewe. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1990 Uingereza ilikuwa na kituo cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury. Watu wa kujitolea walikaa huko kwa siku kadhaa, wakatiwa virusi puani, wakaangaliwa. Katika miaka ya 1960 kituo hicho, kikiongozwa na David Tyrrell, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza duniani kuvitambua virusi vya korona vya binadamu. Mwaka 1989 Tyrrell na wenzake walichapisha jaribio ambalo wagonjwa wa mafua walivuta hewa yenye unyevu ya nyuzijoto 43 kwa dakika 20, na wengine hewa ya nyuzijoto 30. Wa kundi la kwanza walipata nafuu kubwa zaidi.

Laiti hadithi ingeishia hapo, mtetezi wa nyungu angekuwa na ushahidi mkononi. Lakini majaribio mengine yaliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1990 na 1994 hayakuiona faida hiyo. Wataalamu waliokusanya majaribio yote pamoja wamehitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuupendekeza mvuke kuwa matibabu ya mafua. Wengine hupata faraja, wengine hawapati. Hakuna lililoonyesha kwamba unaviua virusi ndani ya mwili. Mvuke wenye joto la kuviua ungeiunguza koo kwanza. Na hospitali za nchi nyingi zinawajua watoto walioungua kwa sufuria ya maji ya moto iliyopinduka wakati wa kujifukiza.

Hilo ndilo jibu la kitabibu. Swali la kisiasa ni jingine: kwa nini ilitupasa kulitafuta jibu Salisbury? Tanzania ina kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili tangu mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002. Mwaka 2018 mamlaka yetu ya udhibiti wa dawa, ambayo leo ni TMDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imefikia ngazi ya tatu ya ubora, yaani ngazi ya mfumo unaofanya kazi ipasavyo. Hatukukosa wataalamu wala vyombo. Swali la nyungu lilistahili kupelekwa kwao hadharani, lijaribiwe kwa makundi mawili ya wagonjwa, na jibu litangazwe liwe tamu au chungu. Kupima kungekuwa heshima kuu kwa tiba ya mababu. Badala yake ilipewa sifa bila mtihani, na sifa ya namna hiyo humtoka mtu siku upepo wa siasa unapogeuka. Ndivyo ilivyokuwa: waliokuwa wakijifukiza mbele ya kamera mwaka 2020 hawakusikika wakiitetea nyungu miaka miwili baadaye.

Kidonge cha Marekani na nyungu ya jukwaani vinaonekana kama mambo yaliyo mbalimbali kabisa. Kimoja kilivaa joho la sayansi, kingine joho la utamaduni. Chini ya majoho hayo kulikuwa na uamuzi wa aina moja: mamlaka ilikubali kitu kinachowafaa wenye nguvu, kisha ikaacha kuuliza kama kinamfaa mgonjwa.

Maji ya chumvi, mali isiyo na mwenyewe

Imebaki njia ya tatu, ya kuosha. Waislamu wa pwani yetu wamekuwa wakipandisha maji puani katika udhu kwa karne nyingi, kwa ajili ya twahara wala si kwa ajili ya mafua. India ina desturi ya kale ya kuisafisha pua iitwayo neti. Siku hizi madaktari wengi hupendekeza maji ya chumvi, ambayo huilainisha kamasi na kuitoa. Mwaka 2019 watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha jaribio dogo la awali ambalo watu wenye mafua waliosukutua na kuosha pua kwa maji ya chumvi waliugua kwa karibu siku mbili pungufu kuliko wenzao. Jaribio moja dogo halitoshi kujenga hitimisho, nasi tusilifanyie lile tunalowalaumu wengine. Lakini linaonyesha swali linalostahili fedha za utafiti.

Njia hii nayo ina tahadhari yake. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, watu wawili walikufa kwa amiba inayoshambulia ubongo baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Maji yachemshwe kwanza, kisha yapozwe: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita yatosha, na chombo kiwe safi. Kwa mtoto mchanga, matone machache ya maji ya chumvi yaliyotayarishwa hospitalini au duka la dawa yanatosha, pamoja na kunyonya mara kwa mara. Dawa za kupuliza zinazosinyaza mishipa humfaa mtu mzima kwa siku chache tu. Zikizidi, pua huzizoea na kuziba zaidi. Antibiotiki hazina kazi yoyote hapa, kwa sababu mafua ni virusi, na kila kidonge kinachomezwa bure huwapa bakteria nafasi ya kujifunza usugu.

Kwa nini basi hatuoni mabango ya maji ya chumvi barabarani? Kwa sababu hakuna anayeyamiliki. Hakuna hataza, hakuna faida, hakuna balozi wa bidhaa. Dawa isiyo na mwenye mali hukosa wa kuisemea, isipokuwa umma wenyewe kupitia vyuo, maabara na wauguzi wake. Hiyo ndiyo kazi ambayo soko haliwezi kuifanya na ambayo jukwaa la siasa halina subira ya kuifanya.

Maswali matatu

Kwa mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma, naona historia hii inatuachia maswali matatu ya kuiuliza kila dawa, iwe imetoka kiwandani au shambani. Je, inaahidi nafuu au kupona? Nani aliipima, dhidi ya nini, na matokeo yako wapi? Na ikithibitika haifanyi kazi, nani ana mamlaka na ujasiri wa kuiondoa?

Swali la tatu ndilo gumu. Fenilefrini ilihitaji wafamasia wawili wasiochoka na takriban miaka 17 ya kuandika, katika nchi ambayo hakuna aliyewafukuza kazi kwa kuandika. Mtaalamu wetu anayejua kwamba dawa fulani ni tupu, au kwamba kauli ya mkubwa haina ushahidi, anahitaji kulindwa na sheria na na wenzake kabla hatujamdai ujasiri. Tukishindwa kumlinda katika jambo dogo kama mafua, hatutampata siku ya ugonjwa mkubwa.

Bibi aendelee kuchemsha majani yake, na mjukuu akae mbali kidogo na sufuria. Yeye hakumdanganya mtu.